Shibiri Moja: Kuendesha Kliniki ya Macho Mombasa Wakati wa Janga

Mgonjwa anaegemeza kidevu kwenye darubini ya kupimia macho, paji la uso analigandamiza kwenye mkanda, nami nasogea upande wa pili. Kati ya pua yake na yangu pamebaki kama shibiri moja. Nawasha mwanga mwembamba, naangalia konea, kile kioo cha mbele ya jicho, naangalia mboni, namwambia atazame juu, kisha chini, kisha kulia. Yeye ananijibu, maana si adabu kunyamaza ukisemeshwa: "Naam. Hapa? Hivi?" Kila neno linatoka na pumzi, na pumzi hiyo haina pa kwenda ila usoni mwangu. Kazi ya macho haina njia ya mbali. Daktari wa mifupa anaweza kusoma picha ya eksirei akiwa chumba cha pili, lakini anayetafuta kidonda cha konea lazima akaribie kuliko anavyokaribia jamaa zake wakati wa kula.

Li Wenliang, yule daktari wa Wuhan aliyewatahadharisha wenzake tarehe 30 Desemba 2019 kuhusu ugonjwa uliokuja kuitwa korona, alikuwa daktari wa macho. Inaaminika alimtibu mgonjwa wa presha ya macho asiyekuwa na dalili yoyote ya ugonjwa, naye akaambukizwa hapo. Alifariki tarehe 7 Februari 2020. Wiki tano baadaye, tarehe 13 Machi, Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Aprili Mombasa ikafungwa kuingia na kutoka, pamoja na jirani zetu Kilifi na Kwale, na mwezi Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake, Ramadhani ikiwa katikati.

Mwaka ule tulihangaika sana. Tulipiga deki mara nne kwa siku. Tulifuta viti hadi rangi ikabanduka. Na muda wote huo dirisha la chumba cha uchunguzi lilikuwa limezibwa kwa pazia jeusi, kama lilivyokuwa siku zote. Sasa najua nguvu nyingi tulizimwaga mahali pasipo, na ndiyo sababu naandika haya, kwa sababu bado naona kliniki zinazojiandaa kwa janga lijalo kwa kununua dawa ya sakafu. Kliniki ya macho ina njia mbili za maambukizi: ya pumzi na ya mkono. Kinachoziba moja hakizibi nyingine, na ukizichanganya utachoka bure huku mlango ukiwa wazi.

Giza na hewa

Chumba cha kupimia macho hujengwa kiwe na giza. Mwanga ukiingia, mboni inajikaza na darubini haionyeshi vizuri kilicho ndani. Kwa hiyo wenye kliniki huchagua chumba cha ndani kabisa, kile ambacho kingekuwa stoo, wakaziba dirisha na kutundika kiyoyozi. Kwa joto la Mombasa la Februari, simlaumu mtu kwa kiyoyozi. Ila kile cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinavuta hewa ileile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Mgonjwa wa saa tatu akiacha pumzi yake mle, mgonjwa wa saa nne anaivuta, tena ikiwa ya baridi.

Virusi vya korona, kama vijidudu vya kifua kikuu, husafiri ndani ya chembe ndogo za majimaji zinazotoka mtu anapoongea, anapokohoa, hata anapopumua tu. Kubwa zake huanguka karibu. Ndogo hubaki zikielea kama moshi. Shirika la Afya Duniani lilichukua muda kulisema hilo waziwazi. Ilikuwa mpaka 2021 ndipo maelezo yake kwa umma yalipotamka kwamba mtu anaweza kuambukizwa na hewa ya chumba kisichopitisha upepo, hata akiwa mbali na mgonjwa. Kwa sisi wa macho maana yake ni kwamba hatari inamzingira daktari mara mbili: matone ya karibu, kwa sababu ya ile shibiri moja, na hewa iliyojikusanya, kwa sababu ya lile giza.

Hewa ina hesabu yake. Chumba ambacho hewa yake inabadilika mara 6 kwa saa kinahitaji kama dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya chembe zinazoelea baada ya mgonjwa kutoka. Ikibadilika mara 12, dakika 23. Isipobadilika kabisa, mgonjwa anayefuata anarithi karibu kila kitu. Huhitaji mhandisi kujua chumba chako kiko wapi kwenye hesabu hiyo. Washa kijiti cha udi katikati ya chumba, keti kwenye kiti cha mgonjwa, utazame. Moshi ukinyooka kuelekea dirishani au mlangoni na kutoka, una upepo. Ukipanda, ukajikunja kwenye dari na kuanza kukushukia, ndivyo pumzi za watu zinavyofanya kila siku na huzioni. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo moshi ulikaa juu ya darubini kama wingu dogo, na harufu ya udi haikutoka hadi tulipofunga jioni.

Jaribio hilo lirudiwe, kwa sababu Mombasa ina pepo mbili. Dirisha linalovuta vizuri Julai wakati wa kusi linaweza kulala kabisa Januari kaskazi ikiingia, kwa kuwa upepo unapiga upande mwingine wa jengo. Anayepanga vyumba vyake Agosti na kusema amemaliza, Desemba atakuwa amefungiwa ndani na hewa yake.

Giza na hewa vinaweza kukaa pamoja. Nyumba za zamani hapa kwetu zina madirisha ya mbao zilizolazwa mshazari, zinazozuia jua na kuruhusu upepo. Fundi seremala wa kawaida anaweza kukutengenezea dirisha la namna hiyo, ulipake rangi nyeusi upande wa ndani, ukaondoa lile pazia. Feni ya dirishani iliyogeuzwa kusukuma hewa nje inafanya kazi kubwa kuliko feni ya mezani inayompepea daktari, ambayo huzungusha tu kilichomo. Na stima ikipotea, kama inavyopotea, mlango ufunguliwe na kazi ihamie chumba cha mbele mpaka irudi.

Baada ya hewa, punguza muda. Kitu kilichonisaidia kuliko vyote hakikugharimu shilingi: tuliyatoa mazungumzo nje ya chumba cha giza. Jicho limeanza kuuma lini, unatumia dawa gani, una kisukari, nani nyumbani ana presha ya macho, yote hayo yanaulizwa kwa simu au barazani. Herufi za kupimia uwezo wa kuona zinasomwa kwenye korido yenye upepo. Mgonjwa akiingia kwenye giza, anaingia kutazamwa tu, na kabla hajaweka kidevu namwambia, "Mama, hapa tutanyamaza kidogo sote wawili. Nitakugusa bega la kulia utazame kulia, la kushoto utazame kushoto. Maswali yote tukitoka." Hakuna aliyewahi kukasirika. Wazee wengine hufumba mdomo kwa bidii mpaka nawaonea huruma.

Wanaowekewa matone ya kupanua mboni hungoja dakika 20 hadi 30, na zamani walingojea ndani. Sasa wanakaa nje, kwenye kivuli kizito, kwa sababu mboni iliyopanuka haivumilii jua la pwani.

Ngao ya plastiki kwenye darubini ni nzuri na ni rahisi. Mwaka 2020 wapo waliozikata kwa filamu kuukuu za eksirei, wakatoboa matundu mawili ya lenzi. Inazuia matone makubwa. Haizuii kinachoelea, hivyo asije mtu akavua barakoa kwa kuitegemea. Ile mashine ya kupima presha kwa kupuliza jicho ni bora ipumzishwe wakati wa janga la pumzi, kwa kuwa mpulizo wake unaweza kurusha machozi hewani, na kipimo kingine kitumike mahali pake.

Barakoa ya mgonjwa ibanwe kwa plasta juu ya pua. Jambo hili dogo lina faida tatu, na nyingi ya kliniki hulipuuza. Lenzi za majaribio haziingii ukungu. Kipimo cha upana wa kuona hakidanganyi. Barakoa ikipanda inakula sehemu ya chini ya picha, ukaandika kwamba mtu amepoteza uwezo wa kuona chini wakati kilichomziba ni kitambaa. Na kwa anayechomwa sindano ndani ya jicho, pumzi isiyobanwa hupanda moja kwa moja na bakteria wa mdomoni hadi pale sindano inapoingia.

Ncha ya kipimo na chupa ya jik

Sasa njia ya mkono. Hofu kubwa ya 2020 ilikuwa machozi. Tuliogopa kugusa kope. Uchunguzi uliofanywa sehemu mbalimbali ulikuja kuonyesha kwamba virusi vya korona hupatikana kwenye machozi ya wagonjwa wachache, na macho mekundu kutokana na korona ni dalili ya wachache pia. Hatari ilikuwa pua na mdomo, chini kidogo ya mahali tulipokuwa tukitazama.

Lakini Januari na Februari 2024 macho mekundu yalipovuma hapa Mombasa na pwani nzima, mambo yaligeuka. Madarasa yalipukutika, madereva wa matatu waliendesha wakiwa na miwani nyeusi, na kliniki zikajaa watu wanaotokwa na machozi. Mlipuko wa namna hiyo hauji kwa pumzi. Unasafiri kwa kidole, taulo, mto, kitasa cha mlango, na, nasema hili kwa uchungu, kwa vifaa vya wapima macho. Kliniki inaweza kuwa ndiyo inayosambaza.

Tofauti iko kwenye umbo la kirusi. Korona imevikwa utando wa mafuta. Sabuni na spiriti huuyeyusha, nayo imekwisha. Adenovirusi, mmoja wa wasababishaji wakubwa wa macho mekundu yanayoenea, hana utando huo. Anaweza kukaa wiki kadhaa mezani akiwa mkavu na bado akaambukiza, na kuipangusa ncha ya kipimo cha presha, ile inayogusa jicho, kwa pamba ya spiriti hakutoshi kumuua. Anayefanya hivyo kati ya mgonjwa na mgonjwa anahisi amesafisha, kumbe amehamisha.

Kinachofanya kazi ni klorini, na hapa hesabu inataka utulivu. Miongozo ya Marekani husema sehemu 1 ya dawa ya klorini kwa sehemu 9 za maji. Inazungumzia dawa ya madukani kwao, yenye asilimia 5 na zaidi. Jik ya kwetu mara nyingi ni asilimia 3.5, soma kibandiko. Ukinakili hesabu yao neno kwa neno unapata asilimia 0.35, wakati ulikusudia 0.5. Kwa jik ya 3.5 changanya sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, utapata 0.5, na hiyo ndiyo ya kulowekea ncha kwa dakika 10. Ya kufutia meza na vitasa ni nyepesi zaidi, asilimia 0.1: mililita 30 hivi za jik kwa lita moja ya maji. Ichanganywe kila asubuhi na iwekwe kwenye chombo kisichopitisha mwanga, mbali na dirisha. Klorini hupungua nguvu kwa joto na jua, na vyote viwili tunavyo vya kutosha.

Kisha ncha ioshwe, na hapo sitaki mtu afanye haraka. Siku moja ya kazi nyingi niliitoa ncha kwenye dawa, nikaisuuza mara moja tu, nikaipangusa. Mgonjwa, mama mtu mzima aliyetoka Likoni, aliruka kitini kabla sijasoma namba. Dawa iliyobaki ilikuwa imemchoma konea. Tulimwagilia jicho maji ya chumvi kwa muda mrefu, likapona baada ya siku chache, naye alinisamehe kwa maneno ambayo siwezi kuyasahau: "Hukukusudia, mwanangu." Tangu hapo kliniki ina ncha nne: moja kazini, moja kwenye dawa, moja kwenye maji safi, moja inakauka. Huduma haisimami na hakuna anayelazimika kuharakisha.

Mwenye macho mekundu asikae benchi moja na wengine wala asikalie kiti cha darubini kama tochi inatosha kumwangalia. Wengi hawahitaji zaidi ya maelezo, maji baridi na subira. Wanachohitaji kusikia kwa msisitizo ni kwamba wasinunue matone yenye steroidi dukani kwa kuwa jirani alipona nayo. Kama chanzo ni kidonda cha konea, matone hayo yanaweza kulipasua jicho.

Njia hii ya mkono ina wageni wapya pia. Mwisho wa Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini alitangazwa, amegunduliwa mpakani Taita Taveta. Ugonjwa huo huenea zaidi kwa kugusana, na vipele vyake vikifika jichoni vinaweza kuacha kovu kwenye konea.

Fremu za miwani zioshwe kwa maji na sabuni laini, kwani spiriti huharibu rangi na utando wa lenzi. Weka sinia moja ya zilizojaribiwa, basi. Na kile chombo cha kitakasa mikono mlangoni kiangalie tena kwa macho ya mtoto wa miaka minne: mdomo wa chombo uko sawa kabisa na uso wa mtoto. Madaktari wa Ufaransa waliona ajali za watoto kurukiwa na kitakasa machoni zikiongezeka sana mwaka 2020. Kishushwe, au apewe mtu mzima amsaidie.

Aliyengoja nyumbani

Njia rahisi ya kuwa salama ni kufunga, na zipo kliniki zilizofunga. Siwalaumu, hatukujua. Lakini kuna maradhi ya macho yasiyosubiri kafyu.

Alikuja bwana mmoja wa Kisauni, fundi wa jokofu, mwezi wa Julai 2020, siku chache baada ya Mombasa kufunguliwa. Mwezi mmoja nyuma aliona cheche upande wa jicho la kushoto, kisha vidoa vyeusi vinaelea, kisha kama pazia linashuka kutoka pembeni. Aliogopa hospitali, akaogopa feni za wodini zinazopuliza hewa ya wagonjwa, akakaa. Retina yake, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa imebanduka. Ikibanduka na sehemu ya katikati bado ikiwa imeshika, upasuaji wa siku ile au inayofuata unaweza kuliokoa jicho. Yeye alikuja sehemu ya katikati imeshatoka zamani. Hakuwa na korona, wala hakuipata baadaye.

Kwa hiyo simu ya kliniki ni kifaa cha tiba kama darubini, na anayeipokea lazima afundishwe. Kuchagua fremu inayopendeza kutangoja. Miwani iliyochoka itangoja, na hata mtoto wa jicho anayekua polepole anaweza kungoja miezi. Wenye presha ya macho wangoje miadi, lakini wasingoje dawa. Uwezo wa kuona unaopotea kwa presha haurudi, na wakati wa kufungwa wengi waliishiwa matone wakakaa kimya. Wapewe ya miezi mitatu badala ya mmoja, na waelezwe kuhifadhi: latanoprosti, mojawapo ya matone ya presha ya macho, isiyofunguliwa inataka jokofu, na iliyofunguliwa huvumilia wiki 6 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, joto ambalo nyumba nyingi za Mombasa hazilijui. Asiye na jokofu aandikiwe chupa moja moja, au dawa nyingine. Ramadhani huongeza jambo, maana wapo wanaoacha matone mchana kwa kuhofia saumu. Badala ya kubishana nao, panga nao saa: baada ya futari na kabla ya daku, kwa dawa zinazowezekana, na uwafundishe kubana kona ya ndani ya jicho dakika mbili ili dawa isiteremke kooni.

Mwezi huohuo wa Julai nilimkuta kijana wa mapokezi, aliyekuwa akilipwa kwa siku, amekuja kazini na homa. Hakusema kwa sababu siku isiyofanywa kazi hailipwi. Barakoa, feni na jik zote haziwezi kumshinda mtu anayeogopa kukosa unga wa jioni. Tulibadilisha: anayeumwa anapiga simu, analala, analipwa. Kwa kliniki ndogo inauma mfukoni, na ni gharama ambayo ningeilipa kabla ya kununua chupa moja ya dawa ya sakafu.

Kijana huyo ndiye anayepokea simu leo, na karatasi iliyobandikwa mbele yake nimeiandika mimi kwa kalamu nene. Uwezo wa kuona umepotea ghafla? Cheche, au pazia? Jicho linauma, na mgonjwa anatapika pia? Saruji, chokaa au dawa imeingia? Huyo aanze kumwagia maji sasa hivi, nusu saa, ndipo aje. Kitu kimechoma jicho? Jicho jekundu kwa anayevaa lenzi za jichoni, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni? Mtoto mchanga anatokwa na usaha? Mtoto anaonekana na mng'ao mweupe kwenye mboni, hata kama ni kwenye picha ya simu tu? Huo unaweza kuwa saratani, na mtoto halii wala haumwi. Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, haambiwi habari ya miadi. Anaulizwa yuko wapi, anakuja na nani, ana kikohozi au hana, na kama anacho anaambiwa apitie mlango wa nyuma, ambako dirisha liko wazi na kiti kinamsubiri.